Nzuri, Ila Goti

Ambakisye na Lusajo, mugonile, kama mnavyosalimiana huko kwenu.

Mwalimu wenu wa michezo amenipigia simu kutoka Mbeya akaniomba niwaandikie. Amesema mmepata nafasi kwenye vyuo vya Marekani, Lusajo kwa mbio za mita mia mbili na Ambakisye kwa kurusha tufe, na kwamba makocha wa huko wameshaanza kuwaulizia kwa ajili ya ule mpira wao. Hilo halinishangazi. Mtu mwenye mbio akifika kule hawamwachi akimbie mikono mitupu. Wanamtafutia kitu cha kubeba, kisha wanamtafutia watu wa kumwangusha.

Mimi nimestaafu kazi hiyo. Nina miaka ishirini na minne, na najua mstaafu wa umri huo anachekesha. Mama mmoja wa usafi pale kliniki ninapofanya kazi, hapa Iringa, kila akiniona nachechemea huniuliza kama nimeshaanza kufuatilia mafao. Lakini kazi ile ndivyo ilivyo. Unaianza na miaka kumi na tisa, ukifika ishirini na mbili wewe ni mzee, na unaondoka mwili wako ukiwa umejua mambo ambayo babu yako bado hajayajua. Sitawasimulia tulishinda mara ngapi wala gazeti la chuo liliniandika nini. Nitawasimulia kazi yenyewe, na neno moja ambalo sisi tunakwenda nalo kule bila kujua kuwa tumelibeba. Neno hilo liliharibu goti langu la kulia. Baadaye nusura linizuie kumsikia baba yangu kabla hajafa.

Nilizaliwa Mgololo. Baba alikuwa anaendesha mtambo wa kupakia magogo, yale yanayokwenda kusagwa kuwa karatasi, na mama alikuwa na bustani ya njegere na viazi. Mbio nilizianzia kwenye barabara za msituni, katikati ya miti ya paina, asubuhi ambazo ukungu ulikuwa mzito hata unasikia gari kabla hujaliona. Nikaja sekondari Iringa mjini, nikakaa Kihesa kwa shangazi, nikakimbia kwenye mashindano ya shule. Wageni wa Kimarekani waliokuja kulitembelea kanisa letu wakanipiga video kwa simu zao, na baada ya mwaka mmoja na barua nyingi nikawa naagwa. Baba alinisindikiza mpaka Mafinga. Hakuwa mtu wa maneno. Alinishika mkono muda mrefu, kisha akasema, "Haya baba. Ukifika utupe salamu."

Chuo kilikuwa kidogo, kwenye mji mdogo kuliko Mafinga, umezungukwa na mahindi kila upande. Wiki ya kwanza nilidhani wamenizungusha angani siku mbili halafu wakanishusha Ismani, mahindini kwetu Iringa. Nilikwenda kwa ajili ya riadha. Siku ya tatu kocha wa mpira alisimama kando ya uwanja akaniangalia nikikimbia, kisha akaniuliza kama nimewahi kucheza mpira. Nikamwambia ndiyo, tangu nikiwa mtoto, namba saba. Tulikuwa tunazungumzia mipira miwili tofauti, na tuligundua kesho yake.

Kesho yake ndiyo siku yangu ya kwanza kazini. Nguo zenyewe peke yake ni mtihani: kofia ngumu yenye vyuma usoni, makinga ya mabega, vipande vya kuingiza mapajani na magotini. Vya mapajani nilivigeuza juu chini, nikatoka natembea kama mtu aliyeficha mahindi ya kuiba kwenye suruali. Mpira wao una umbo la papai. Katika zoezi la kwanza mwenzangu mmoja aliudondosha ukabingirika hadi miguuni kwangu, na mguu wangu ukajibu kabla ya kichwa. Niliupiga shuti, ukapaa ukaenda kutua majukwaani. Kocha akavua kofia yake, akajikuna kichwa, akasema, "Mwanangu, hapa tunatumia mikono." Wenzangu walicheka mpaka wengine wakakaa chini, na kwa mwezi mzima niliitwa Shuti.

Kazi yenyewe nitawaeleza mara moja, maana mkifika hakuna atakayewaeleza. Wao wanaijua tangu wakiwa tumboni. Kila timu ina watu kumi na mmoja uwanjani. Mmoja anaupokea mpira na kumkabidhi mwingine, na huyo mwingine anakimbia nao mbele mpaka aangushwe. Akishaangushwa, watu wanapanga mistari upya na kuanza tena. Huyo anayekabidhiwa na kuangushwa ndiye nilikuwa mimi. Wewe Lusajo utakuwa huyo. Ambakisye, kwa mwili wako, watakuweka mbele, kwenye mstari wa wale wanene wanaosukuma watu ili mkimbiaji apate mwanya. Hakuna anayewaimba hao, lakini mkimbiaji mwenye akili huwanunulia chakula.

Fundi wangu aliitwa Marcus. Alikuwa mwaka wa nne, mfupi, shingo nene, mtoto wa fundi bomba, na kocha alimkabidhi mimi kama unavyokabidhiwa mgonjwa. Somo lake la kwanza lilikuwa kuubana mpira: ncha moja katikati ya vidole, ncha nyingine kwenye kwapa, mkono juu yake, ubavu chini yake. Kwa wiki nzima alinilazimisha niutembeze kila mahali, darasani, dukani, msalani. Naye alijipa haki ya kuupiga kofi wakati wowote. Mara moja aliupiga wakati nimefumba macho naombea chakula. Nilipomlalamikia akasema mabeki wa timu pinzani hawana habari na sala zangu.

Somo la pili lilinichukua mwaka mzima. Mimi nilikuwa mtu wa mita mia mbili. Nilichojua ni kwamba bunduki ikilia unaondoka. Marcus akaniambia hapana, hapa unaanza kwa kutembea. Unapokea mpira, unaweka mkono mmoja mgongoni kwa yule mnene wa mbele yako, unamfuata hatua mbili za polepole mpaka mwanya ufunguke, ndipo unatoka na mbio zako zote. "Mwanya haupo bado," alinikemea kila siku. "Unakimbilia kitu ambacho hakipo." Alinifundisha pia kuangalia kiuno cha anayekuja kuniangusha, kwa sababu macho na mabega hudanganya na kiuno hakijawahi. Akanifundisha kuanguka kwa bega badala ya kutanguliza kiganja, na kuinuka papo hapo, kumpa mwamuzi mpira, na kutomtazama aliyekupiga. Ukimtazama amepata alichotaka.

Vifaa msivichukulie kwa mzaha. Viatu mtapewa na njumu za kubadilisha, fupi za uwanja mkavu na ndefu za uwanja wa tope. Watu wavivu huvaa ndefu siku zote. Njumu ndefu kwenye uwanja mkavu zinashika ardhi, mguu unabaki na mwili unakwenda. Na baridi: mtu wa Mufindi au wa Rungwe hujidanganya kwamba anaijua baridi. Nilijidanganya hivyo mpaka Novemba. Vaeni soksi mbili na msione haya.

Mwaka wa pili Marcus alikuwa ameshahitimu na nafasi yake nikaichukua mimi. Siku moja, mvua ya barafu inanyesha, nilitoka peke yangu mpaka hatua mbili kabla ya mstari wa mwisho, ule ambao ukiuvuka na mpira umefunga, nikaudondosha. Hakuna aliyenigusa. Nilikaa kwenye benchi nikisubiri kocha anitukane, naye akaingiza mwingine nafasi yangu, jambo lililoniuma zaidi. Jioni Marcus akanitumia ujumbe kwenye simu: "Ulikuwa umeshaanza kushangilia." Mpaka leo sina ubishi na ujumbe huo.

Sasa lile neno.

Timu zao zina mtu wa tiba, anayewafunga wachezaji utepe kwenye vifundo na kuwakagua kila asubuhi. Wa kwetu alikuwa mama mmoja mwembamba aitwaye Linda, mwepesi wa mikono na mwenye huruma ya kweli. Nilimwita Bi Linda ingawa alinikataza. Kila asubuhi tulipanga mstari mlangoni kwake, naye akiwa na karatasi zake anamuuliza kila mmoja kuhusu sehemu yake inayomsumbua, anaandika, anaita wa pili.

Mwaka wangu wa tatu, Jumanne moja mazoezini, mtu aliangukia mguu wangu kwa pembeni. Goti liliingia ndani kidogo na likatoa mlio mdogo. Niliinuka nikamaliza mazoezi. Jioni lilikuwa limevimba. Kukimbia moja kwa moja niliweza, ila nikikata kona kulia nilihisi mfupa unateleza juu ya mwenzake. Asubuhi nikapanga mstari kwa Bi Linda.

"Goti vipi?" akauliza. Aliuliza kwa Kiingereza, lakini masikio yangu yalisikia habari za goti.

"Nzuri," nikajibu.

"Safi sana." Akaandika, akaita wa nyuma yangu.

Nikabaki nimesimama. Nilikuwa nasubiri swali la pili. Nyie mnajua ninachosema, maana mmelelewa hivyo hivyo. Kwetu "nzuri" ni kukaribishana ndani tu. Jirani anakuja asubuhi, unamuuliza habari za kuamka, anasema nzuri. Za nyumbani? Nzuri. Watoto? Hawajambo. Mama watoto? Hajambo, ila usiku kucha hakulala, tumbo linamsumbua, nilikuwa naomba utusaidie pikipiki tumpeleke zahanati. Hata msibani mtu anauliza habari za hapa, anajibiwa nzuri, ndipo anaambiwa marehemu alianza kuumwa lini. Hakuna anayesema uongo. Anayeuliza anajua kwamba bado hajajibiwa, na anayejibu anajua ataulizwa tena, na katikati ya maswali hayo ile "ila" inapata njia ya kutoka bila kumrukia mtu usoni. Kumwambia mkubwa wako "mbaya" katika swali la kwanza, kabla hajakaa sawasawa, ni utovu wa adabu. Bi Linda alikuwa mkubwa wangu.

Sitawadanganya kwamba ilikuwa adabu peke yake. Nilikuwa naanza kila mechi, na ndani yangu kulikuwa na mtu aliyefurahi kwamba hakuulizwa mara ya pili. Lakini nakumbuka vizuri kwamba kila asubuhi nilikwenda na ile "ila" yangu mdomoni, imekamilika, nimeitafsiri kabisa kwa Kiingereza. Kila asubuhi aliniuliza mara moja, nikasema nzuri, nikasimama kidogo mpaka wa nyuma yangu aliponisukuma. Hivyo kwa wiki tatu.

Wiki ya tatu, Jumamosi, nilikabidhiwa mpira, nikatembea hatua mbili, nikaona mwanya upande wa kulia, nikakanyaga ili nikate kona. Goti likaachia. Safari hii pia hakuna aliyenigusa. Nilikuwa chini nimeshika nyasi kwa mikono miwili na Bi Linda alikuja anakimbia.

"Hili limeanza lini?" akauliza alipoligusa.

"Wiki tatu."

"Festo. Nimekuuliza kila asubuhi."

"Ndiyo."

"Ukaniambia nzuri."

"Nilikuwa sijamaliza," nikamwambia.

Alidhani nimegonga kichwa. Alitoa kurunzi akanimulika machoni.

Kano ya ndani ya goti ilikuwa imekatika. Daktari alisema huenda ilianza kwa kuchanika kidogo, na kwamba kama ningepumzishwa mapema pengine ingekuwa habari nyingine. Alisema pengine, na neno hilo nimelitafuna sana. Walinipasua, na miezi iliyofuata niliitumia chumbani kwa Bi Linda, nikijifunza kukunja mguu upya. Huko ndiko nilikoipenda kazi ninayoifanya sasa pale kliniki. Nilimweleza habari ya "nzuri". Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akalia, jambo ambalo sikulitarajia. Tangu siku hiyo kila nilipomwambia nzuri alikuwa ananikazia macho na kusema, kwa Kiswahili chake cha neno moja, "Ila?"

Kwa hiyo shikeni hili kuliko yote niliyosema ya njumu na viuno. Kule mtu akikuuliza, ndiyo hiyo. Hakuna swali la pili. Anayekuuliza si katili, anaamini tu kwamba umeshamjibu. Kwa mtu wa tiba anzeni na ila.

Mimi nilijifunza hilo vizuri sana, na hapo ndipo lilipoanza kosa langu kubwa. Nilipopona nikarudi uwanjani mwaka wa nne, mzito kidogo, kona za kulia nazikata kwa woga, na mdomo umebadilika. Nikawa mtu wa kuuliza mara moja na kuamini jibu la kwanza. Dukani, darasani, bwenini, nilisifiwa kwamba sipotezi muda wa mtu. Nikaona fahari. Nikaipeleka fahari hiyo kwenye simu ya nyumbani.

Nilikuwa napiga kila Jumapili, kabla ya kikao cha timu. Mazungumzo yenyewe yalikuwa hivi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Habari za huko?"

"Nzuri. Za nyumbani?"

"Nzuri."

"Mama?"

"Hajambo."

"Haya baba, naingia kikaoni. Jumapili tena."

"Haya baba."

Kabla ya hiyo "haya" yake kulikuwa na kimya kidogo. Nilidhani ni mtandao. Mgololo mtandao unasumbua ukungu ukishuka, nikajiambia ndiyo hiyo. Na mimi mwenyewe sikuwahi kuwaambia kwamba nimepasuliwa. Niliogopa mama angeacha kulala.

Jumatano moja ya Oktoba simu iliita nikiwa chumba cha kubadilishia nguo. Alikuwa mama. Mama hakuwahi kunipigia. Alizoea kubipu na kusubiri.

"Baba yako amelazwa huku Mbeya," akasema.

"Tangu lini?"

"Hii wiki ya pili. Ni moyo, wanasema. Miguu imevimba, pumzi haimtoshi. Hata kulala chini hawezi, analala amekaa."

"Ameanza kuumwa lini?"

"Kipindi kile cha kuvuna."

"Mama! Kipindi cha kuvuna! Mbona hamkuniambia? Si nilikuwa nauliza kila Jumapili?"

Mama hakupandisha sauti. Alisema, "Unaulizaga mara moja tu, mwanangu. Akisema nzuri, wewe unakataga. Yeye anabaki ameishika simu hivi sikioni. Mimi namwambia mpigie basi umwambie, anasema hapana, mtoto ana kazi, Jumapili ataniuliza."

Nilikaa kwenye benchi na nguo nusu. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona uwanjani, hata ile siku ya mpira kudondoka. Bi Linda alikuwa na udhuru, hakulelewa kwetu. Mimi nilizaliwa ndani ya mlango ule, na nilikuwa nimemwacha baba yangu amesimama nje yake Jumapili baada ya Jumapili, tangu mavuno.

Zilikuwa zimebaki mechi nne za msimu, na baada ya hapo hakuna msimu mwingine kwa mtu wa mwaka wa nne. Nilikwenda ofisini kwa kocha nikamweleza.

"Ukienda, umemaliza," akasema. Hakuwa anatishia, ndivyo kalenda ilivyokuwa.

"Najua, kocha."

Akasimama akanipa mkono. Hivyo ndivyo nilivyostaafu. Hakukuwa na keki wala saa ya ukutani. Nilirudisha kofia na makinga stoo, mtunza vifaa akakagua kama vipande vya mapajani vimetimia, nikaweka sahihi. Wenzangu wa ule mstari wa mbele walichanga nauli bila mimi kuomba, na nilishangaa kuona watu wale wanajua mchango kuliko wengine wa kwetu.

Nilishuka Dar, nikapanda ndege ya Songwe, na jioni nilikuwa wodini Mbeya. Ndugu walikuwa wengi kuzunguka kitanda, wa Mgololo na wa Iringa, kila mmoja ana chupa yake ya chai. Baba alikuwa amekaa ameegemea mito mitatu. Mabega yale yaliyokuwa yanajaza mlango wa mtambo yalikuwa yamebaki mifupa, na miguu imevimba ngozi inang'aa. Aliponiona alitabasamu akasema, "Umenenepa," na watu wakacheka, kisha muda wa kutazama wagonjwa ukaisha tukatolewa.

Aliishi siku tisa baada ya hapo. Tulimzika Mgololo, asubuhi yenye ukungu, na mwezi uliofuata nilirudi kumalizia masomo yangu bila kuugusa mpira tena. Hayo ya msiba ni ya familia na hamyahitaji. Nitawaambia ya asubuhi yangu ya pili pale wodini tu, kwa sababu bila hiyo nisingekuwa na cha kuwaandikia.

Niliingia mapema na uji. Mama alikuwa amekwenda kuosha vyombo. Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa amelala amejifunika mpaka kichwani. Hapakuwa na kiti, nikasimama kando ya kitanda, uzito wote kwenye mguu wa kushoto.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Habari za usiku?"

"Nzuri."

Nilimimina uji, nikampa, akanywa vijiko vitatu, akanirudishia.

"Kifua je?"

"Hakijambo."

"Na miguu?"

"Inapungua."

Haikuwa inapungua. Nilikuwa naiona. Sikubisha, nikabaki nimesimama. Nje mtu alikuwa anaburuta ndoo kwenye sakafu ya saruji, anasimama, anaburuta tena. Nilitaka sana kusema neno la kumtia moyo, na nikalimeza. Baba alikuwa ananitazama, na nilipofuata macho yake nikaona hayako usoni kwangu. Yalikuwa kwenye mguu wa kulia.

"Na wewe," akasema. "Goti vipi?"

"Nzuri, baba."

Akasubiri. Mtu mwenye pumzi ya kuhesabu, alisubiri.

"Ila lilikatika," nikasema. "Mwaka jana. Walinipasua. Nilikuwa naogopa kuwaambia."

Alinyoosha mkono akalishika goti juu ya suruali, akalizungushia vidole taratibu, kama alivyokuwa anakagua maungio ya mtambo kabla hajauwasha. Vilipofika kwenye kovu vikasimama hapo. Hakunilaumu. Mkono wake ulikuwa moto. Kisha akarudisha kichwa kwenye mito.

"Na mimi nzuri," akasema. "Ila naogopa, baba."

Sikuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake. Nilimwona akipanda juu ya magogo yaliyolowa, akifungua mnyororo ulionasa huku wenzake wamerudi nyuma, na sikuwahi. Nikamwambia ukweli, kwamba hata mimi naogopa. Akatikisa kichwa kuitikia. Halafu akaanza kuisogeza ile miguu yake kuelekea ukutani, mmoja kwanza, akapumzika, kisha wa pili, mpaka nikapata pa kukaa.